Mama Mkwe wa Barabarani

Mgeni aligonga tena, na mara hii alikohoa kwanza, kama afanyavyo mtu mwenye adabu anayechelea kufumania jambo.

Aliyekosa gazeti la wiki jana nitamsogezea kidogo. Nilimaliza chuo, shahada ya ustawi wa jamii, nikatembeza bahasha mpaka soli za viatu zikaanza kucheka. Mjomba wangu, mdogo wake mama, ni mkuu wa safari kwenye kampuni kubwa ya malori. Akaniingiza. Kampuni ikatafuta sauti ya kike ya kuwekwa ndani ya malori iwasemeshe madereva wa safari ndefu, nami nikatoa yangu. Hata maneno niliyatunga mwenyewe. Niliamini nitaokoa roho za watu. Wiki jana mliniacha uani, ndoo mkononi, geti linagongwa.

"Nani?" niliuliza.

"Ni sisi wageni. Tumeelekezwa hapa."

"Sukumeni, halijafungwa."

Geti likafunguka. Aliingia mwanamume mpana wa mabega, macho mekundu kama aliyekuwa jikoni kwenye moshi. Nyuma yake mwanamke mwembamba amekumbatia kichwa cha cherehani kifuani, kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

"Tumeambiwa mna chumba cha kupangisha," mwanamke alisema.

"Kipo, huku nyuma. Msisimame hapo kwenye tope. Tafadhali, endeleeni mbele."

Mwanamke akaendelea. Mwanamume akabaki.

Nilimwangalia usoni, kisha nikaangalia chini, maana kitu kilikuwa kinacheza. Mguu wake wa kulia. Ulikuwa unakandamiza ardhi, taratibu, kandambili ikididimia topeni mpaka ikamezwa.

"Rudia," alisema.

"Nirudie nini, kaka?"

"Hayo maneno. Rudia."

"Nimesema tafadhali, endeleeni..."

"Mama Mkwe!" alipiga kelele, akashika kichwa. "Mke wangu, njoo! Ni yeye! Mama Mkwe ni huyu hapa!"

Mama yangu akachomoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mama mkwe wa nani? Binti yangu hajaolewa, hana mtoto wa kukuozesha! Wewe baba umetoka wapi?"

Ilichukua muda watu kutulia. Mwiko ukashushwa, shikamoo zikatolewa, marahaba zikaitikiwa. Ndipo mwanamume akajieleza. Alikuwa dereva wa kampuni yetu. Barabarani wanamwita Polepole. Na ile sauti ya ndani ya malori, ile inayosema *Dereva, umesimama. Tafadhali, endelea na safari*, madereva wote wanaiita Mama Mkwe.

"Kwa nini Mama Mkwe?" niliuliza, nikijua jibu halitanipendeza.

"Ana adabu, hapandishi sauti, na hujawahi kumridhisha."

Mkewe akacheka, akajizuia. Polepole mwenyewe akaangalia chini.

"Nisamehe, dada. Nimekutukana sana. Kuna matusi mengine sikuwa nayajua mpaka nilipokusikia wewe. Hayo ndiyo huniweka macho. Pilipili imeshanizoea, natafuna kama karanga. Nikikutukana, angalau damu inatembea."

Mama akadakia.

"Ni yeye kabisa!" alisema, uso wote meno. "Malori yote yanamsikiliza huyu. Mjomba wake anasema hata wakubwa wamemsifia. Hebu waseme kidogo, mwanangu. Waseme ile sauti."

Huwa ananiambia hivyo kila akija mgeni. Na kila mara, wasomaji wangu, nilikuwa nasema. Nilikuwa nanyoosha shingo, nalainisha koo, nasema, na watu wanapiga makofi. Siku ile nilitamani tope linimeze na mimi kama lilivyomeza kandambili.

"Twendeni ndani, mama," nikasema. "Wageni hawajanywa hata maji."

Chumba walikipenda bila kukichungulia mara mbili. Mwanamke alikuwa fundi wa kushona nguo, na alitaka kuhamia karibu na yadi ya kampuni ili mumewe akirudi na kugeuza, wapate angalau kuonana. Kichwa cha cherehani alikibeba kwa sababu hakuwa na imani na kufuli la alikotoka.

Tuliketi sebuleni. Mama akaleta chai. Polepole akaanza kusimulia jinsi alivyoingia jana yake jioni na kesho asubuhi anapakia tena, akafika kwenye neno "kupakia", akanyamaza.

Nilidhani anatafuta neno. Kumbe amelala. Macho nusu wazi, kikombe kimesimama wima mkononi, hata tone halijamwagika.

Mkewe hakushtuka. Alimnyofoa kikombe kidole kwa kidole, akakiweka mezani.

"Usiwe na wasiwasi," alinong'ona. "Analala hivyo hivyo popote. Mwezi jana amelala kwenye kiti cha kinyozi, ameamka hana ndevu."

Mama akasema kwa sauti ya chini, "Maskini. Binti, mletee mto."

Nikajisahau. "Sawa mama, naenda..."

Nilipotoa sauti tu, mguu wa Polepole ukaruka. Ukapiga kimeza cha mama, vikombe vikalala, chai ikatambaa mpaka kwenye mkeka.

"Naenda, naenda," alisema usingizini. "Naenda, mama. Naenda."

Na akaendelea kulala.

Chai ilidondoka ukingoni mwa meza, na hakuna aliyeifuta.

"Hata nyumbani ni hivyo," mkewe alisema. "Nimezoea kulala nimekunja miguu, maana hilo teke siyo la kuchekea. Yuko kitandani kwake, mkewe pembeni, lakini anamwambia mtu mwingine 'naenda'. Mwanzo nilidhani ana mwanamke."

Alijaribu kucheka. Hakufika mbali.

"Ameitwa mara mbili mwezi huu, mdogo wangu. Unajua akiitwa ya tatu."

Nilijua. Sauti yangu ikisikika ndani ya lori, huko ndiko kuitwa. Ukiitwa ya tatu, unavuliwa funguo, na ukivuliwa na kampuni ile, hizo nyingine hazikugusi.

"Mara ya kwanza alisimama kunawa uso. Ya pili ni wiki jana, baada ya daraja la reli. Alikuwa anatapika. Mtu asipolala, mwili unaanza kutoa hata usichokula. Yuko chini ameshika tairi, anasikia mlangoni, *tafadhali, endelea na safari*."

Daraja la reli. Nikahisi masikio yanapata moto.

Nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo ninapoona haya hata kuandika. Kazini nakaa mbele ya skrini ambako kila lori ni nukta, na nukta ile iliyosimama baada ya daraja la reli, mimi ndiye niliyeibonyezea sauti. Siikumbuki kwa jambo kubwa. Naikumbuka kwa sababu nilikuwa na biskuti mdomoni. Mwenzangu wa meza ya pili, tunayemwita Jicho, aliniambia, "Mwache kidogo, labda anajisaidia." Nikamjibu, tena kwa madaha, "Sheria ni sheria, Jicho." Nikabonyeza, nikaendelea kutafuna.

"Kwani ni nani anayeiwasha hiyo sauti?" mke wa Polepole aliuliza. "Ni mtu?"

Alinitazama bila ubaya wowote. Aliuliza kama mtu anayeuliza mvua inatoka wapi.

"Ni mashine," nilisema.

Mama alinigeukia. Anajua kazi yangu vizuri, nimeshamweleza mara nyingi. Aliniangalia, akachukua kitambaa, akaanza kufuta chai.

Polepole aliamka akatuona tumekaa kama tuko msibani.

"Nimelala kwa watu," alisema, akajipangusa mdomo kwa aibu. "Mke wangu, si ungenifinya?"

"Nikufinye, nami nikuamshe kama yule wa kwenye lori?"

Akakaa vizuri, akavuta pumzi. "Dada, wewe umesoma. Nikuulize. Kwa nini hiyo sauti haisemi kitu kingine? Hata 'pole' basi."

Ilikuwa inasema. Yaani niliitungia maneno mengi. *Dereva, umechoka. Egesha, pumzika. Nyumbani wanakusubiri ukiwa hai.* Hiyo niliisoma mpaka sauti ikanikatika, fundi wa mitambo akanipa maji. Mjomba alisema ni nzuri sana, wataiweka baadaye. Nami kila asubuhi nimekuwa nikiingia kazini nikijiambia labda baadaye ni leo.

"Sijui, kaka," nilisema. Uongo wa pili, na chai bado haijakauka.

"Kwa nini usilale kwenye yadi za kampuni zilizo njiani?" niliongeza haraka. "Si kuna vitanda?"

"Vipo. Lakini yadi ya huko iko chini ya mteremko. Mimi usingizi hunikuta juu yake." Akageuza kiganja, akakiinamisha kunionyesha. "Ule mteremko mrefu, dada, una kona kama utumbo. Safari iliyopita nilifumbua macho niko upande wa wanaopanda. Kona iliyopita siikumbuki. Nani aliikata, sijui. Mungu au tairi."

Mkewe aliangalia pembeni. Nadhani alikuwa hajaambiwa hilo.

"Kileleni kuna uwanja mpana, palipokuwa na mizani ya zamani. Nikilala pale kidogo, nashuka nikiwa mtu. Nisipolala, nashuka nikiwa mzigo."

Mkewe akaweka mkono juu ya goti langu. Vidole vilikuwa na vidonda vidogo vya sindano.

"Keshokutwa mchana atakuwa pale," alisema. "Akisimama, unyamaze. Sikuombi kingine. Sitaki kazi, sitaki upendeleo wa mjomba wako. Unyamaze tu, apate usingizi mmoja."

"Lakini ni mashine..." nilianza.

"Basi iambie mashine."

"Mke wangu, acha," Polepole alisema. "Usimwombe mtoto wa watu kitu cha kampuni."

"Nitanyamaza," nikasema.

Nilisema kabla sijafikiri. Labda ndiyo sababu ilikuwa kweli.

Kesho yake nilianza na njia ya mtu aliyesoma: nilikwenda kuongea. Mjomba alikuwa ofisini, kiatu kimoja amevua anajikuna unyayo, simu imebanwa begani. Aliponiona akang'aa.

"Mpwa wangu! Keti. Una nini, mbona kama umenyeshewa?"

"Mjomba, zile sentensi nyingine. Za kupumzika. Tuziweke sasa."

"Zile?" Akaweka simu chini. "Nzuri sana zile. Ile ya nyumbani wanakusubiri, mimi ilinitoa machozi, waulize."

"Basi tuziweke."

"Tatizo lake, dereva akiambiwa pumzika, atapumzika."

Nilisubiri acheke. Hakucheka. Alikuwa amemaliza.

"Mjomba, kuna mtu anatapika njiani kwa kukosa usingizi."

"Mimi nimeendesha kabla hujazaliwa. Nililala chini ya lori, mvua inanipita mgongoni. Nilikula kwa mkono mmoja, nikaoa kwa siku mbili nikarudi barabarani. Nimekufa?" Akavaa kiatu. "Huruma yako naipenda, ndiyo maana sauti yako ni tamu. Lakini mzigo hauna huruma. Ukichelewa, mwenye mzigo anahama, na akihama hatuna madereva wa kuwahurumia. Umenielewa?"

Lililonitesa ni kwamba nilimwelewa.

"Na kesho mchana usitoke," aliongeza. "Mwenye mzigo mkubwa kuliko wote anakuja kuona chumba chenu. Hajaamua kama atabaki na sisi. Utamwonyesha wewe, sauti yenyewe. Vaa vizuri."

Kesho mchana. Ndipo Polepole atakapokuwa kileleni.

Niwaeleze chumba chetu kinavyofanya kazi, mpate kuona mtego ulivyokaa. Kuna skrini kubwa ukutani. Kila lori ni nukta. Likitembea, nukta ni ya kijani. Likisimama nje ya yadi, inakuwa nyekundu. Hapo mimi au Jicho tunabonyeza, na sauti yangu iliyorekodiwa inamwita dereva. Tusipobonyeza, mashine huvumilia kidogo, kisha inaita yenyewe. Kwa hiyo kunyamaza kwangu peke yake kusingemsaidia Polepole. Ningeweza kukunja mikono nikawa bubu, na bado ningemwamsha.

Kitu kimoja tu huizuia. Mtu akishika kipaza sauti, akachagua lori, akabana kitufe azungumze moja kwa moja, mashine hungoja mpaka aachie. Imefundishwa isimkatize mtu. Tuliligundua hilo kwa sababu ya Jicho, aliyewahi kulalia kitufe kwa kiwiko huku anakula karanga. Lori lile lilisimama kwa raha zake, mashine kimya, mpaka dereva mwenyewe akauliza kwa hofu, "Jamani huko, kuna panya ndani ya gari langu? Nasikia kitu kinatafuna."

Tulicheka wiki nzima. Sikujua kwamba ipo siku karanga za Jicho zingenifaa.

Siku ikafika. Nilivaa gauni alilonishonea usiku kucha mke wa Polepole, aliyekwisha kuhamia kwetu. Alisema ni shukrani, na sikuweza kulikataa wala kulivaa kwa amani. Mchana wageni wakaingia. Mwenye mzigo alikuwa mama mmoja wa makamo, mpole, mwenye miwani, na nyuma yake vijana wawili wa kumbebea mikoba.

"Na huyu," mjomba alisema, mkono begani kwangu, "ndiye sauti. Damu yangu."

"Ndiye wewe?" yule mama alisema. "Mdogo hivi? Hebu sema, tusikie."

Kila mtu ananiambia niseme.

Kabla sijafungua mdomo, Jicho akaguna. Nikageuka. Juu ya mteremko, penye mizani ya zamani, nukta ilikuwa imegeuka nyekundu.

"Aaa!" Mjomba akapiga makofi. "Hii ndiyo bahati! Mnaiona? Huyo amesimama, tena na mzigo wenu. Zamani tungejua kesho. Leo, angalieni. Mpwa wangu, mwamshe."

Chumba kizima kikanitazama. Jicho akanisogezea kitufe chekundu cha kuita.

Nikakiacha. Nikashika kipaza sauti, nikachagua lori la Polepole, nikabana kitufe kwa kidole gumba. Taa ndogo ikawaka: njia iko wazi.

"Vizuri zaidi," mjomba aliwaambia wageni. "Anaongea naye moja kwa moja."

Nikavaa spika ya sikioni. Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha nikasikia bati likilia polepole, injini inapoa. Nzi akipiga kioo. Kisha pumzi ndefu, kama mtu anayetua mzigo kichwani. Kisha mkoromo.

Sikusema neno.

"Mpwa wangu," mjomba alisema. "Sema."

Nikaweka kidole mdomoni, nikamwonyesha taa. Njia wazi. Chochote kitakachosemwa hapa kinasikika kule.

Mjomba wangu hajawahi kunong'ona. Akikusalimia, jirani anaitika. Siku hiyo, mbele ya wageni wake, aliinama akanong'ona.

"Unafanya nini?"

Nikatikisa kichwa.

"Kuna tatizo?" mwenye mzigo alinong'ona pia, akidhani ndiyo heshima ya chumba.

"Hapana," mjomba alinong'ona. "Anamsikiliza kwanza. Ni utaratibu wetu."

"Utaratibu mzuri," alinong'ona yule mama. Vijana wake wakaitikia kwa vichwa, wamesimama kwa ncha za vidole. Jicho alijiziba mdomo kwa viganja, mabega yakitetemeka, na mpaka leo sijui alikuwa anacheka au analia.

Muda ukapita. Nukta ikabaki nyekundu. Yule mama akaangalia saa, akaangalia nukta, akavua miwani.

"Mzigo wangu bado umesimama," alinong'ona. Safari hii haikuwa heshima.

Mjomba akawaomba wakanywe chai chumba cha pili. Akawasindikiza kwa tabasamu, akafunga mlango bila kuupiga, akarudi. Tabasamu lilibaki mlangoni.

"Achia," alininong'oneza.

Nikatikisa kichwa.

"Baba yako alipoondoka duniani, nani alikuja? Ada yako, nani? Haya, leo unanivua nguo mbele ya watu. Kwa ajili ya nani? Unamjua huyo?"

Ningetaka kumwambia kwamba namjua. Kwamba amelala kwetu kikombe kikiwa mkononi. Kwamba nilimbonyeza nikiwa na biskuti mdomoni. Lakini sikuweza kusema hata "mjomba". Si kwa ushujaa, msinipambe. Kelele zote za chumba kile zingeweza kupita sikioni mwa Polepole asiamke. Sauti yangu ndiyo ingemrusha mguu. Mimi ndiye niliyemfundisha mguu ule.

Mjomba akanyoosha mkono aninyang'anye. Aliinama karibu sana, shavu lake karibu na sikio langu. Akasimama.

Alikuwa ameusikia mkoromo.

Kwa muda mfupi alikuwa na uso wa mtu anayekumbuka harufu fulani. Nikadhani, na moyo wangu mjinga huu hauchoki kutumaini, nikadhani ataketi.

Akatoa simu mfukoni. Akapiga, akanong'ona maneno machache, akaniwekea kwenye sikio la pili.

"Mama yako," alisema.

Sikio moja Polepole anakoroma. Sikio la pili mama.

"Mwanangu, mjomba wako anasema umemwaibisha mbele ya wageni. Ni kweli?"

Nyuma yake cherehani ilikuwa inakimbia. Mke wa Polepole anashona kwenye ukumbi wetu.

"Mwanangu? Unanisikia? Sema ndiyo au hapana."

Kidole gumba kilikuwa kimekufa ganzi. Nikakifunika kwa kidole cha pili.

"Umeanza lini kuninyamazia? Mimi nimekukosea nini? Sema neno moja tu, moyo wangu utulie. Neno moja, mama."

Aliniita mama. Huniita hivyo nikiwa naumwa tu.

Machozi yakashuka mpaka kidevuni, yakadondokea gauni jipya. Sikuyafuta, maana kufuta kulitaka mkono.

Cherehani ikasimama.

"Amesimama pale juu?" nilimsikia mke wa Polepole akiuliza, kwa mbali.

"Nani amesimama?" mama alimuuliza. "Mbona sikuelewi na wewe? Huyu mtoto hasemi! Hasemi kitu!"

"Hasemi?"

"Hata neno."

Nikasikia kitu kikianguka sakafuni, labda mkasi, na mwanamke akianza kulia au kuomba, sikuweza kutofautisha. Mama akaniita tena kwa jina langu la utotoni, sauti imepasuka. Sikuitika. Akakata.

Mjomba akairudisha simu mfukoni. Aliniangalia kama anavyoangaliwa mtu anayesafiri.

"Kuanzia leo," alisema, "usiniite mjomba."

Kisha akaenda mlangoni, akaufungua nusu, akamwita mlinzi aje kunitoa.

Alimwita kwa kunong'ona.